Barua kwa mwanangu anayekwenda Nairobi kuimba

Lamu, Langoni
Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu,

Salamu na dua. Kakako kanambia unatoka Mombasa Jumatatu kwenda hiyo studio, na kwamba yule mtu wa mitambo alikwambia sauti yako ina kasida mno, uipunguze. Neno hilo nimepika nalo, nimelala nalo. Uipunguze uipeleke wapi?

Pumzi hiyo ya kushika mstari mzima hukuiokota kwenye simu. Umeipata chuoni, kwenye Kurani, kwa kuvuta madda, zile sauti ndefu, na kujua pa kusimama bila kuvunja maana. Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri ambaye bibi yako alikuwa akimngoja redioni kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, baba yake alikuwa imamu wa kijiji. Binti alianza kwa kumsikiliza baba akimfundisha kaka yake kasida, na alipoanza kuimba naye mbele za watu alivishwa nguo za kiume ili watu wasiseme. Alipokuwa mkubwa alikuwa akirudia mstari mmoja mara chungu nzima, kila mara kwa namna nyingine, watu wakipiga kelele. Nani alimwambia apunguze? Hata huyo Aretha Franklin wako wa Marekani ni binti wa mchungaji, na 1972, jina tayari analo, alirudi kanisani kurekodi. Dini yao si yetu, lakini jambo nimelielewa.

Watakayosema watu hapa nayajua, mengine nimeyasema mimi mwenyewe. Maulidi tunasoma sisi kwa sisi, ndani. Sauti ya mwanamke kwenye spika ni neno jingine. Kile kinanda chako, basi, hakikuibiwa. Kiko kwa fundi wa Mkomani, nilimwachia kwa deni la bomba. Nitakikomboa kabla ya mfungo sita, uje Maulidi ukikute. Usipokuja nitajua umepunguza.

Mkataba usitie saini mpaka ammi yako ausome, hata wakikuharakisha, hasa wakikuharakisha. Alfajiri usiichezee. Jifunike vizuri, safari hii si kwa ajili ya watu wa Lamu, ni baridi ya huko. Na wewe una kiburi, ukikosolewa hunyamaza siku tatu. Kwa wenye kazi zao usifanye hivyo.

Makuti yanavuja tena, pale pale juu ya kitanda chako. Punda wa jirani kala mchaichai wote na mwenyewe anacheka. Nimekupelekea kwa basi achari ya maembe chupa mbili. Usiile siku ya kurekodi, itakukwaruza koo, wala usiigawe ovyo.

Huyo mtu wa mitambo kama hujamjibu, usibishane naye. Mwimbie ile ya bibi yako, tangu mwanzo mpaka pumzi inapoishia, kisha muulize akuoneshe ni wapi hasa apatakapo pakatwe. Halafu unipigie, hata usiku.

Mamako