Barua kwa mwanangu: Umri wa Kijani

Arua, Jumapili jioni

Mwanangu Juma,

Sisi huku hatujambo. Nyanya yako anakusalimu na anauliza kama huko Kampala unakula ukashiba. Kasuku wetu Kijani naye yupo, kelele zake ni zile zile. Umeniuliza miaka yake saba ni sawa na mingapi ya binadamu, maana umesikia kwamba ya mbwa huzidishwa mara saba.

Baba, hata kwa mbwa hesabu hiyo ni ya kubahatisha. Kwa ndege ndiyo inaharibika kabisa. Kasuku mdogo wa asili ya Australia kama Kijani hutoka katika yai baada ya siku 18 hivi, huacha kiota akiwa na wiki tano, na kabla hajatimiza mwaka anaweza kuwa mzazi. Ukizidisha kwa saba, utasema huyo ni mtoto wa darasa la pili! Utoto na ujana humalizika mbio mbio, kisha anakaa mtu mzima miaka na miaka, sura haibadiliki. Wengi huishi miaka mitano hadi kumi. Wachache waliotunzwa vizuri hupita hapo. Kwa hiyo Kijani ni mzee, mwanangu. Mweke rika la nyanya yako, usimweke rika langu.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule wa misitu kama Mabira, ana kalenda yake. Hazai kabla ya miaka mitatu hadi mitano, na akifugwa anaweza kufika 40 hata 60. Miaka saba kwake ni ujana mtupu. Na kuku? Kuku anaweza kuishi miaka minane, ila kwetu hajapata nafasi ya kujaribu, kwa sababu ya Idi na wageni.

Kinachonishangaza mimi ni hiki. Panya mdogo wa nyumbani analingana na Kijani kwa uzito, au anapungua kidogo, lakini hata umfiche paka wote wa mtaa, hapiti sana miaka miwili au mitatu. Ndege mwili wake una joto la nyuzi kama 41, moyo hupiga mara mamia kwa dakika, na sukari iliyo katika damu yake ingekuwa yangu, daktari angenilaza leo leo. Ungetegemea achakae upesi, kumbe anamzidi mnyama wa ukubwa wake. Wataalamu wanasema aliye na mabawa huwakimbia maadui, kwa hiyo mwili unaodumu umemfaa vizazi kwa vizazi. Tena seli zake huvumilia vizuri madhara ya kuunguza chakula kwa kasi hiyo. Kule Marekani, katika bustani ya wanyama ya Brookfield karibu na Chicago, kulikuwa na ndege wa jamii ya kasuku aitwaye Cookie, aliyekufa mwaka 2016 akiwa na miaka 83. Uzeeni aliugua mtoto wa jicho na mifupa, kama wazee wetu tu.

Ndege haoti mvi. Manyoya yakinyonyoka huota mapya, ndiyo maana wageni wakimwona Kijani hudhani ni kifaranga wa juzi. Mimi naangalia miguu na macho: anakamata kijiti kwa shida, analala mchana, kucha zinarefuka upesi kwa kuwa hatembei sana. Nimekishusha kijiti chake cha juu na chakula nakiweka karibu. Usidhani kila kitu ni uzee, lakini. Ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Akivimbisha manyoya na kuacha kula, tunamwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mbegu tupu nimezipunguza, zinamnenepesha na kumharibu ini. Anapata dodo (mchicha), sukuma wiki na karoti. Ovakado hapana, ni sumu kwake. Na sigiri imehamia nje, dada yako amenuna lakini amezoea. Mapafu ya ndege hayavumilii moshi, wala mvuke wa kikaango kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi.

Sasa mjomba wako. Ameletewa habari ya mtu anayeuza kasuku wa kijivu kwa siri, na ameanza kutafuta tundu. Nimemwambia biashara ya kimataifa ya ndege hao wa porini ilipigwa marufuku katika mkutano wa mataifa kuhusu biashara ya wanyamapori wa mwaka 2016, na hapa Uganda kumfuga bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni kosa. Hakunisikia. Wewe anakusikiliza, kwa kuwa umesoma. Mpigie simu umwulize swali moja tu: yeye ana miaka 54, ndege akiwa na 50, nani atakuwa anamlisha? Akikutaja wewe, kataa mapema.

Mama yako