Kwa vijana wetu wa Mwanza mnaoanza kuandika programu benki

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Hongereni kwa kupata kazi kitengo cha Tehama, tena benki kubwa, Dar es Salaam. Nami nilikula mkate wa kazi hiyo miaka mingi kabla sijarudi Nyegezi kufuga kuku, ambao angalau hawaniamshi saa nane usiku kwa simu.

Naambiwa mmeshaanza kunung'unika. Kubadilisha mstari mmoja mnasubiri kibali wiki mbili, na anayeandika haruhusiwi kujiidhinishia mwenyewe. Mnaona wazee wanawachelewesha. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa, Knight Capital, iliweka programu mpya kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika na msimbo wake wa zamani. Soko la hisa lilipofunguliwa, msimbo huo wa zamani ukaagiza hisa ovyo, na dakika 45 hivi zikatosha kupoteza zaidi ya dola milioni 400. Subirini kibali.

La desimali nadhani shule waliwafundisha: katika lugha nyingi za programu, 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Fedha hesabuni kwa senti, namba nzima.

Ninalotaka hasa kuwaambia ni kosa langu mwenyewe. Niliandika programu ya kuhamisha fedha. Jibu likichelewa, programu ilituma ombi upya bila kuuliza kama lile la kwanza limepita. Kwenye majaribio ilikwenda vizuri, maana ofisini netiweki haikatiki. Huku kwetu ikakatika. Ombi la kwanza lilikuwa limepita, ni jibu tu lililopotea njiani, basi mama mmoja mnunuzi wa dagaa akakatwa mara mbili.

Kwangu ilikuwa mistari miwili kwenye kumbukumbu za mfumo. Kwake ilikuwa mtaji. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo siku mbili tulizochukua kumrudishia hela zilikuwa siku za giza, mzigo umejaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na yeye amesimama mikono mitupu akiwatazama wenzake wakipakia. Kaunta walimwambia "mtandao unasumbua", kama kawaida yao. Nilipokwenda tawini kumwomba radhi hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ile ya pili ilikuwa ya nani?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Dawa yake nyepesi: kila ombi lipeni namba yake ya pekee, likirudi mara ya pili mfumo ulitambue na kurudisha jibu lilelile, usikate tena. Mstari huo ningeuandika kwa nusu siku. Sikuuandika kwa sababu sikuwahi kumwona anayekatwa.

Nanyi mtakaa ghorofa ya juu yenye kiyoyozi. Kalenda yenu itakataza kugusa mfumo mwisho wa mwezi kwa ajili ya mishahara, na ni sawa, ila haina mbalamwezi. Ombeni mkae tawini japo wiki moja, nyuma ya kaunta, msikilize. Bosi akikataa, mkija likizo nipigieni, nitawapeleka mwenyewe Mwaloni alfajiri. Chagueni siku za giza tu, vinginevyo mtakuta mitumbwi imelala.

Baba yenu wa Nyegezi