Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kumbukumbu za Dawa Kwenye Mfumo na Ukaguzi wa Tiba

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Kamati tendaji imekutana kama katiba inavyotaka, hesabu za mweka hazina mnazo mkononi, na wadaiwa wa ada wanajijua. Nafasi iliyobaki naitumia kwa kazi iliyotukamata karibu mwaka mzima: kukagua tiba kwa kutumia maagizo ya dawa yaliyomo kwenye mifumo ya kompyuta ya hospitali zetu hapa Dar es Salaam.

Wengi wetu tulijifunza ukaguzi kwa mafaili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1993 ulitaka angalau vyeti vya dawa 600, kwa mfano vituo 20 na vyeti 30 kila kituo. Ukahesabu wastani wa dawa kwa mgonjwa, ngapi ni sindano, ngapi ni antibayotiki. Mtu alishinda masjala na rula, na mwandiko wa daktari ukimshinda anaruka ukurasa. Sasa mfumo, uwe GoTHOMIS wa serikali au mwingine, unaweza kukupa maagizo ya mwaka mzima kabla chai haijapoa. Urahisi huo ndio unaonitia wasiwasi.

Kikundi kazi kilianza na antibayotiki za kinga, zinazozuia maambukizi ya kidonda, kwa wanaofanyiwa upasuaji. Kipimo kilikuwa mwongozo wa Shirika hilohilo wa 2016: dozi itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa nia ya kinga tu. Katika hospitali moja majibu ya kwanza yalitisha. Mgonjwa amepasuliwa asubuhi, agizo la sindano limeingia saa nane mchana. Mstari baada ya mstari ni hivyohivyo. Wapo waliotaka barua ya onyo iandikwe siku ileile. Muuguzi wa chumba cha upasuaji akaleta fomu za usingizi: sindano zilichomwa kwa wakati, ila daktari aliingiza maagizo baada ya kumaliza orodha yake ya siku. Saa ya mfumo ni saa ya kubonyeza kitufe. Haijui dawa iliingia mshipani lini.

Upande wa pili wa matokeo, wa dawa kuendelezwa baada ya upasuaji, ulithibitika. Antibayotiki ya seftriaksoni gramu 1, mara moja kwa siku, siku 5, na sehemu ya sababu ya dawa ikiwa tupu. Hapo fomu na mfumo vilisema jambo moja. Tulipowauliza madaktari vijana kwa nini siku 5, jibu lilikuwa jepesi: ukichagua kifurushi cha maagizo ya baada ya upasuaji, siku 5 zinajijaza zenyewe. Aliyeziweka hakuna anayemkumbuka. Hapa semina isingesaidia kitu. Iliyohitajika ni nusu saa ya mtu wa TEHAMA. Kifurushi kimerekebishwa: anayetaka kuendeleza dawa lazima sasa aandike sababu. Bado kupima upya, na mpaka hapo sitaki mtu aseme tumefanikiwa.

Jambo hili si dogo. Seftriaksoni iko kwenye kundi la tahadhari, la dawa ambazo vimelea huzijengea usugu kwa urahisi zaidi, katika mgawanyo wa antibayotiki wa Shirika la Afya Duniani. Septemba 2024 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na binadamu duniani zitoke kundi la kwanza, la akina amoksilini. Hatutajua tuko wapi kwa kukisia.

Wodi ya watoto ilitukwamisha. Jentamaisini, antibayotiki nyingine, hupimwa kwa kilo za mgonjwa, lakini uzito wa mtoto umebaki kwenye daftari la muuguzi na kwenye mfumo hakuna kitu. Agizo la namna hiyo halikaguliki. Kuna wanaopendekeza tuongeze visanduku kumi vya lazima kwenye skrini. Mimi napinga, kwa sababu daktari mwenye foleni hadi mlangoni atajaza nukta. Viwili vinatosha: uzito, na sababu ya dawa.

Kumbukeni pia usiku ambao mtandao unakatika. Maagizo huandikwa kwenye karatasi, asubuhi hayaingizwi yote, na mara nyingi ni ya wagonjwa waliokuja na hali mbaya. Ripoti nzuri ya mfumo inaweza kuwa imewaacha haohao. Kwa hiyo kila ukaguzi utachukua mafaili machache kwa bahati nasibu na kuyalinganisha na skrini.

Suala la siri sitalipamba. Jedwali lenye majina na namba za simu za wagonjwa lilitumwa kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za afya ni nyeti. Kuanzia sasa majina yanaondolewa hospitalini kabla data haijatoka. Majina ya madaktari nayo yasisomwe kikaoni. Kila mmoja apewe takwimu zake, na wodi ione wastani wake.

Mwaka ujao tunarudia upasuaji, kisha watoto. Kikundi kazi kina wafamasia wengi, wauguzi wachache, na hakina mtu wa TEHAMA hata mmoja. Wenye nia ya kujiunga wampe katibu majina kabla ya mkutano mkuu, wakiwa na barua ya ruhusa kutoka kwa mganga mfawidhi.

Mwenyekiti
Dar es Salaam