Barua kwa mwanangu: lebo zako kabla hazijaenda kwa mchapaji

Mombasa

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Lebo zako tatu zimenifikia: ya mabuyu, ya viungo vya pilau na ya achari ya embe. Nimezitoa kwa karatasi kwa ukubwa wake halisi, maana lebo ya sentimita 8 ikikuzwa kwenye simu hupendeza kwa namna ambayo haitapendeza rafuni. Nakuandikia kabla hujamlipa mchapaji arubuni.

Umeniuliza ipi nzuri zaidi. Swali hilo liweke kando kidogo. Lebo ina kazi mbili, na kazi hizo huvutana. Kwanza ilifanye jicho la mpita njia lisimame, na jicho husimamishwa na tofauti. Kisha mtu aipende na arudi kuitafuta, na hapo mazoea ndiyo yenye nguvu. Ukibadilika kila mara utatazamwa na hutajulikana. Ukifanana na jirani yako mezani, hata kutazamwa hutatazamwa. Kazi yako ni kuamua kipi kiwe tofauti na kipi kisiguswe.

Tuanze na tofauti. Kabla ya kuchagua rangi, nenda masokoni, Marikiti na Kongowea, usimame hatua nne mbali na meza na upige picha. Hesabu rangi zinazojirudia. Mabuyu yetu ni mekundu na karibu yote huuzwa kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, kwa hivyo lebo yako nyekundu juu ya mabuyu mekundu haionekani kabisa, hata uitie vivuli na nyota. Mwaka 1933 mwanasaikolojia Hedwig von Restorff alionyesha kwamba kitu kimoja kinachotofautiana na wenzake katika orodha hukumbukwa kuliko vilivyofanana. Neno kubwa hapo ni "wenzake". Rangi haivutii peke yake, huvutia kwa jirani zake. Krimu tupu yenye jina jeusi katikati ya wekundu ule itaonekana kabla ya rangi ya dhahabu uliyoitia. Na dhahabu hiyo, kwa mashine ya kawaida ya rangi nne, hutoka kama haradali iliyochacha. Dhahabu ya kweli huchapwa kwa wino wake au kwa foili, na bei yake ni nyingine.

Kosa kubwa la lebo yako ya pilau ni kwamba ina rangi tano, aina nne za herufi, picha ya Fort Jesus, pilipili, nambari mbili za simu na maneno "original" na "special". Kila kimoja kinapiga kelele, basi ndani ya lebo yenyewe hakuna kilichotofautika. Bakisha rangi mbili na nyeupe ya karatasi. Herufi ziwe aina moja, nzito na nyepesi.

Sasa picha na maandishi. Mwaka 2004 watafiti Rik Pieters na Michel Wedel walichapisha uchunguzi wa matangazo 1,363 ya magazetini, yaliyotazamwa na watu zaidi ya 3,600 huku mienendo ya macho yao ikirekodiwa. Walichokuta kinakuhusu moja kwa moja: picha huvuta jicho iwe kubwa au ndogo, lakini maandishi huvuta kadiri ya nafasi yaliyopewa. Wewe umeipa Fort Jesus thuluthi mbili ya lebo, na neno "pilau" umeliacha na ukanda mwembamba chini. Geuza. Picha itafanya kazi yake hata ikiwa ya sentimita 2. Neno lisipopewa nafasi halina wa kulisemea. Tena ngome ile haisemi chochote kuhusu bizari nzima, iliki na mdalasini. Iko kwenye kila fulana na kila kikombe cha ukumbusho, na mtu wa Majengo anayetafuta viungo vya Ijumaa haitafuti ngome.

Mtalii huenda akaitafuta, hilo nakubali. Mtafiti wa macho Alfred Yarbus, katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1967, alionyesha jinsi macho yanavyofuata swali lililo kichwani. Mchoro ulikuwa ule ule, wa Ilya Repin, wa mtu anayerejea nyumbani bila kutarajiwa. Mtazamaji alipoulizwa umri wa waliomo, macho yalikwenda nyusoni. Alipoulizwa hali yao ya mali, yakaenda kwenye nguo na samani. Mama mwenye orodha ya sokoni anauliza "hii ni ya nini, na ni kiasi gani?" Mgeni wa hoteli anauliza "hii inatoka wapi, na itafika nyumbani salama?" Usijaribu kuwajibu wote kwa uso mmoja wa pakiti. Uso wa mbele mpe yule anayenunua kila wiki, mgeni msemeshe nyuma.

Umbali ndio utakaokupangia ukubwa. Kwa mita tatu aone rangi na umbo tu. Kwa mita moja asome jina la bidhaa, yaani PILAU au MABUYU, kisha jina lako. Pakiti ikiwa mkononi ndipo asome uzito, viambato na maelekezo. Chupa ya achari ina mtego wake: ni duara, na jicho huona vizuri kama thuluthi moja tu ya mzunguko. Chupa yako ina upana wa sentimita 7, mzunguko wake ni kama 22, kwa hivyo jina lisizidi sentimita 6. Ulivyolipanga sasa, mteja atasoma "CHARI YA EM".

Rangi pia huahidi ladha kabla ulimi haujafika. Ukitoa mabuyu ya pilipili na ya kawaida, yatofautishe kwa ukanda mmoja wa rangi na usizibadilishe rangi hizo baadaye. Mtoto aliyeshika pakiti ya ukanda wa kijani akitegemea utamu, akakuta pilipili, hatasoma lebo yako mara ya pili.

Nimekaa sana kwenye jicho, na pengine hili la mazoea ndilo litakalokulisha. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana na alama mfano wa herufi za Kichina, nyingine mara moja, nyingine hadi mara 25. Zile zilizoonekana mara nyingi zilidhaniwa kuwa na maana nzuri zaidi, ingawa hakuna aliyeelezwa lolote juu yake. Kurudia peke yake kulitosha. Ila kuna mpaka: kitu kilichochukiza mara ya kwanza hakipendezi kwa kurudiwa, na tangazo lisilobadilika hata neno hufika mahali likachosha.

Njia ya kutoka hapo tunayo wenyewe Biashara Street. Tazama leso. Mji, yaani mchoro wa katikati, hubadilika, jina hubadilika, rangi hubadilika kila toleo, lakini pindo, mji na jina hukaa mahali pake. Na kuna ile chapa ndogo ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ya nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887, ambayo wanawake huiangalia kabla ya kufungua mkoba. Fanya hivyo. Jina lako likae pale pale kwenye bidhaa zote tatu, kwa herufi zile zile na ukubwa ule ule. Ukanda uwe na upana mmoja. Kinachobadilika kiwe rangi ya ukanda na jina la bidhaa tu. Ukishachagua, usiguse kwa miaka miwili angalau. Wewe utaichoka lebo hiyo zamani kabla mteja hajaanza kuitambua, na hapo ndipo wengi huharibu.

Jaribio kabla ya kuchapa ni rahisi. Chapa moja kwa ukubwa halisi, bandika kwenye pakiti iliyojaa, iweke katikati ya pakiti za wengine, piga picha, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Herufi zikizama kwenye mandharinyuma, tatizo ni mwanga na giza, na rangi mpya haitakuokoa. Nyekundu juu ya kijani huonekana kali kwa macho ya msanii, lakini ikigeuzwa hivyo huwa kijivu juu ya kijivu. Halafu mwonyeshe mtu asiyekujua kwa sekunde tano, uifiche, umuulize: ilikuwa bidhaa gani? Ya nani? Usimuulize kama imempendeza. Watu wetu wana adabu, watakwambia mashallah.

Kwa mchapaji: faili iwe ya rangi nne za uchapaji, picha zisipungue nukta 300 kwa inchi, rangi ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, na maandishi yakae milimita 3 ndani yake, vinginevyo kisu kikiteleza kidogo utaona mstari mweupe ukingoni. Herufi nyembamba nyeupe juu ya rangi iliyochanganywa huzibika, zinenepeshe. Usitume faili kwa WhatsApp kama picha, huminywa. Itume kama hati. Ukitaka stika inayoonyesha ndani, omba wino mweupe uchapwe chini ya rangi, la sivyo manjano yako itamezwa na wekundu wa mabuyu. Na achari huvuja mafuta, kwa hivyo lebo yake iwe ya plastiki, si karatasi, na chupa ipanguswe ikauke kabla ya kubandika.

Nyuma ya pakiti andika viambato kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito, rangi ya chakula ikiwemo, uzito halisi bila pakiti, jina na anwani yako, nambari ya toleo, tarehe ya mwisho na namna ya kuhifadhi. Alama ya KEBS, shirika la viwango vya ubora la Kenya, usiichape kabla hujapewa kibali. Picha nayo ni kauli: ukiweka zafarani kwenye lebo na pakitini mna bizari tu, umesema uongo, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya kupotosha.

Kibao cha duka lako nacho nitakisema kwa ufupi. Mafundi huhesabu sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Aliye ng'ambo ya barabara, mita 15, anahitaji sentimita 12.5. Aliye ndani ya matatu iendayo kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 14 kila sekunde. Ukimpa sekunde tatu za kusoma, anaanza mita 42 mbali, na herufi ziwe sentimita 35. Kwa hivyo jina na kitu kimoja unachouza, basi. Majumba mengi ya katikati ya mji yamekuwa meupe na buluu tangu agizo la kaunti la 2018, na kibao cha buluu juu yake hupotea. Chukua manjano na nyeusi. Jina likatwe kwa vinaili, ile plastiki ya kubandika, au lipakwe kwa rangi ya mafuta. Katika uchapaji wa turubai, wekundu na manjano ndizo zinazopauka mwanzo kwa jua letu, na pilipili yako itabaki ya kibuluu. Ulizia ada ya kibao kaunti kabla fundi hajapanda ngazi.

Bei ya 99 uliyoandika ina hoja, kwa kuwa jicho hushika tarakimu ya kwanza kushoto. Lakini kwa anayelipa taslimu sokoni, shilingi moja ya chenji ni ugomvi wa kila siku. Andika 100 kwenye pakiti ya Marikiti, 99 ibaki kwa supamaketi.

Nitumie ile picha nyeusi na nyeupe, pakiti ikiwa katikati ya nyingine, kabla hujamwambia mchapaji aanze. Chapa 200 kwanza, hata akikwambia 1,000 ni nafuu zaidi.

Wasalaam,
Mama yako