Anayeshika chuma naye apewe maski

Ndugu Mhariri,

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, karakana zetu za mitaani hupata wageni. Mzazi anakuja na kijana wake: "Fundi, huyu nakukabidhi, mfundishe kazi." Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa kuchomelea, na wazazi hao pia.

Kazi ya kwanza ya mwanafunzi si kushika mashine, ni kushika chuma. Fundi anataka kuunga kona ya geti, anamwambia, "Dogo, shika hapa, usitikise, geuza uso." Yeye anashusha maski yake ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi. Kijana anageukia pembeni, macho kayafumba, na kama kuna bati au ukuta mweupe, mwanga wa kuchomelea unamrudia usoni. Tena mwenye hamu ya kazi lazima atachungulia. Kaja kujifunza, atajifunzaje macho yamefumbwa?

Mimi nilichungulia siku yangu ya tatu. Mchana kutwa sikusikia chochote. Usiku wa manane nikaamka macho yanawaka kama yamejaa mchanga, machozi hayakatiki, hata mwanga wa kibatari siuwezi. Mama alinibandika vipande vya kiazi mpaka kukakucha. Fundi wangu alipoona nilivyovimba akasema, "Sasa umeanza kuwa fundi." Niliyaamini maneno yale, na inaniuma kwamba baadaye nami niliwaambia vijana wangu vivyo hivyo.

Ule si ufundi, ni kuungua. Miale ya urujuanimno inayotoka kwenye ncha ya rodi, kile kijiti cha kuchomelea, huunguza utando wa mbele ya jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana kijana hajui kilichompata. Akiamka hivyo apelekwe kituo cha afya. Miwani ya jua haitoshi: kwa rodi za milimita 2.5 na 3.2 tunazochomelea mageti na madirisha, kioo cha maski kinatakiwa kiwe na giza la namba 10 au 11. Na mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea, pamoja na miale yake, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Sisi wa chini ya mwembe hujitetea kwamba huyu ni mwanafunzi, hana mshahara. Jicho lake halijui mshahara. Mzazi, siku unayomleta kijana, uliza maski yake iko wapi, na kama haipo, mnunulie kabla hujamnunulia ovaroli.

Karakana kwangu sasa kuna maski mbili kwenye msumari mmoja. Pa kubana kwa jiriwa tunabana, pa kushika kwa mkono, anayeshika anavaa maski na glavu za ngozi, na haambiwi ageuke. Anatazama. Kijana aliyekuja mwaka huu, wiki yake ya kwanza tu, aliinua maski akaniambia, "Fundi, kumbe chuma kinakuwa maji kwanza, halafu ile takataka inaelea juu." Mimi jambo hilo lilinichukua karibu mwaka mzima kuliona.

Fundi wa kuchomelea,
Buguruni, Dar es Salaam