Barua kwa Kabula: mlima, kazi na nyumba ya watu

Ujiji, Kigoma
Machi

Shoga yangu Kabula,

Za Tabora? Huku Ujiji hatujambo. Mwezi umeingia gizani, wavuvi wanatoka kila usiku, dagaa wamejaa sokoni mpaka bei imeshuka. Mama anakusalimu sana. Anauliza kama bado unafundisha darasa la pili au wamekupandisha.

Barua yako nimeisoma, na lile tangazo uliloliweka ndani nimelisoma kuliko hata barua. Nepal! Kufundisha kwenye kituo cha watoto yatima, kulala nyumbani kwa familia, kisha kupanda mpaka kambi ya mlima Annapurna, vyote kwa malipo ya mara moja, na unalipa kabla hujaondoka. Najua umeniuliza mimi kwa sababu mwaka jana nilikwenda milima ya Rwenzori, Uganda, nikarudi nasimulia mpaka mkachoka. Haya. Mambo hayo matatu yanaweza kwenda pamoja, tena vizuri, ila usiyanunue kwa mtu mmoja kama kifurushi cha simu. Familia ina mwenyewe, kazi ina wenyewe, mlima una wenyewe. Kila mmoja patana naye, na umlipe mkononi mwake.

Nianze na kituo cha watoto, maana ndicho kilichonikera. Serikali ya Nepal na UNICEF wameonya kwa miaka kuhusu vituo vya namna hiyo. Watoto wengi waliomo wana mzazi aliye hai. Wanachukuliwa vijijini kwa ahadi ya shule nzuri, wanawekwa Kathmandu au Pokhara ambako watalii ndiko walipo, na mgeni anayelipa ili aje kuwabeba na kupiga nao picha ndiye anayeifanya biashara iendelee. Wewe ni mwalimu, huhitaji kuelezwa. Kila baada ya wiki mbili aingie darasani kwako mgeni mpya, hajui walipofikia, hajui nani haoni vizuri ubaoni, awaimbishe, wamzoee, aondoke. Ungemfungulia mlango? Halafu kuna sheria yenyewe: viza ya utalii ya Nepal hairuhusu kazi, hata ile ya kujitolea isiyo na mshahara. Tangazo lako linasema viza utaipata uwanja wa ndege, likishasema hivyo linanyamaza.

Milima ya watu sina ugomvi nayo. Kambi ya Annapurna iko mita 4,130, njia yake ina vijiji vya Wagurung kama Ghandruk, na unalala kwenye vinyumba vya wageni njiani bila kubeba hema. Tangu 2023 wameweka sharti la kuwa na mwongozaji, nami naona ni jambo jema. Na kama unachotaka ni kuishi na familia, huko huko Nepal wana utaratibu safi kuliko huu wa tangazo. Kijiji cha Sirubari kilianza kupokea wageni majumbani mwaka 1997, na kijiji chenyewe ndicho kinachowagawa wageni kwa zamu ili nyumba moja isineemeke peke yake. Hapo mwenye nyumba anajulikana na pesa yake inajulikana.

Kinachokukwamisha ni kalenda. Likizo zako ni Juni na Desemba. Juni ndiyo mvua kubwa za kule zinaanza, milima inajifunika mawingu na njia zinajaa ruba. Miezi mizuri ni Oktoba na Novemba, halafu Machi na Aprili, na wewe miezi hiyo uko ubaoni na chaki. Desemba anga linakuwa jeupe ila baridi ni ya kweli. Rwenzori inakwenda na likizo zako zote mbili: kiangazi chake ni Juni hadi Agosti, tena Desemba hadi Februari. Nasema kiangazi kwa heshima tu, maana kule mvua hainyimi mtu mwezi wowote. Inapunguza.

Ndiyo maana nakushawishi uanzie Uganda. Nauli ni ya basi. Kutoka hapa unapita Kasulu, Kibondo, Kakonko, Biharamulo, unalala Bukoba, unavuka Mutukula, kisha Masaka na Mbarara. Baada ya hapo barabara inateremka katikati ya hifadhi ya Queen Elizabeth, unavuka daraja la Kazinga, unakatiza ikweta, unaingia Kasese, chini ya Rwenzori, mgongo hauna hamu. Pasi ya kusafiria uwe nayo, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau. Mlangoni mwa hifadhi, sisi raia wa Afrika Mashariki tunatozwa kiingilio kidogo sana ukilinganisha na wageni wa mbali. Kwa nini tunawaachia Wazungu milima yetu, sijui.

Mwenyeji wangu nilimpata kwa yule dada Mkonzo, kabila la huko Rwenzori, tuliyesoma naye mafunzo ya vitalu Bukoba. Shangazi yake anakaa Kyanjuki, juu kidogo ya Kilembe. Tulipatana kwa simu bei ya malazi na chakula, tena kwa Kiswahili, maana Kongo iko jirani na Wakonzo wana ndugu zao Wanande upande wa pili. Kiswahili chake hakipishani sana na hiki tunachokisikia bandarini kwa watu wa Uvira na Kalemie. Nilimpelekea dagaa na chupa ya mawese. Mawese aliyafungua pale pale, akanusa, akasema haya si ya dukani, akayafungia chumbani kwake. Wiki nzima sikuyaona tena mezani! Jioni tulikula bundu, ugali wa muhogo mweusi kidogo na mgumu kuliko wetu, kwa sombe. Nilijiona niko hapa kwetu Mwandiga.

Wale watu wanawapa watoto majina kwa mfuatano wa kuzaliwa. Wakaniuliza kwetu mimi ni binti wa ngapi, nikasema wa tatu, basi tangu hapo nikawa Kabugho. Nyumba ya jirani nayo ilikuwa na Kabugho, na kisimani tulikuwa Makabugho watatu, akiitwa mmoja tunageuka wote.

Nataka uelewe kwa nini nakwambia uanze na familia, mlima uje mwisho. Ukitangulia mlima, unashuka umechoka, miguu imevimba, unachotaka ni kitanda na basi la kurudi, na nyumba ya watu inageuka gesti. Mimi nilianza nyumbani. Asubuhi nilikuwa nafagia uwanja, namsaidia mama mwenyeji wangu kutandaza kahawa kwenye turubai, na mawingu yakishuka kutoka milimani kila mtu anaacha alichoshika anakimbilia pembe ya turubai, hata babu mwenye fimbo. Siku za mwanzo walinizuia nisishike kitu. Walipoona sizuiliki, wakaanza kunituma. Hapo ndipo nilipojua nimepokelewa. Na hao hao ndio walionitafutia mwongozaji, kijana wa mtaani kwao wanayemjua tangu anatambaa. Mpagazi wangu alikuwa mpwa wa mama. Nisingepata watu hao kwa tangazo lolote.

Kazi sikwenda kuibuni. Kilembe ulikuwa mji wa mgodi wa shaba, reli ikafikishwa Kasese 1956 kwa ajili yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ukafungwa. Nyumba za wafanyakazi bado zimepangwa mstari kando ya mto Nyamwamba. Mto huo ndio kilio chao. Mei 2013 ulifurika, Mei 2020 ukafurika tena vibaya, ukashusha mawe makubwa kama nilivyoyaona mwenyewe yamekaa katikati ya mji, ukaingia mpaka hospitali. Kwa hiyo kikundi cha akina mama kina kitalu, wanaotesha mianzi na miti ya kushika kingo. Unajua mimi mchana wangu wote hapa Kigoma ni kujaza udongo kwenye viriba vya miche. Nikakaa chini, nikajaza viriba. Ndiyo kujitolea kwangu kote!

Nilichowaongezea ni kimoja: viriba vyao vilikuwa vinakaa sehemu moja mpaka mizizi inatoboa chini na kuingia ardhini, ukinyanyua mche unakatika na kunyauka. Tukavihamisha, tukaikata mizizi iliyotokeza, tukapanga zamu ya kuvisogeza. Wao wakanifundisha mianzi, ambayo mimi sikuwahi kuotesha: unakata kipande chenye pingili mbili, unakilaza udongoni, unakifukia, unakinywesha maji bila kuchoka. Nimejaribu hapa nyumbani, vimechipua. Hesabu hiyo ukiipiga, nani alimsaidia nani? Wewe ukienda usiende kufundisha watoto wa watu kwa wiki mbili. Kaa na walimu wenzako, mtengeneze zana za kusomea za darasa la pili, zile kadi zako za maboksi unazozikata vizuri. Zitabaki ukishaondoka. Na kabla ya yote mwambie mwenyeji aulize uhamiaji unatakiwa kuwa na kibali gani, usijifanye mwenyeji kwa kuwa tu unapita mpakani na pasi ya Afrika Mashariki.

Sasa mlima. Sikufika Margherita, kile kilele cha mita 5,109, cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Huko kuna barafu, kamba na vyuma vya kufunga miguuni, na siku nyingi kuliko mfuko wangu. Nilikwenda mpaka kambi ya Mutinda, mita 3,500 na ushee, na kwa mtu aliyezaliwa kando ya ziwa lililo mita 770 na kitu hiyo ni mbingu. Kichwa kiligonga usiku kucha. Mwongozaji akaniambia ninywe maji na nisijivunie, tukikuta asubuhi bado kinagonga tunashuka. Asubuhi kilitulia.

Usitegemee vumbi la Kilimanjaro. Rwenzori si volkano, ni pande la ardhi lililoinuliwa, na lote limelowa. Unaanza msitu, unaingia mianzi, kisha unafika mahali miti imevaa kuvu na ndevu za kijani mpaka huoni magome yake, unakanyaga unadhani ni ardhi kumbe ni mizizi iliyofunikwa, mguu unazama hadi gotini. Buti za ngozi ziache Tabora. Kule ni mabuti ya mpira, marefu, na ndani soksi mbili. Njia inapopita kinamasi unaruka kutoka fundo la nyasi hadi fundo la nyasi, mpwa wa mama mbele yangu na mzigo kichwani anaruka bila kuangalia chini, mimi nyuma na fimbo yangu natukana kimoyomoyo. Juu zaidi yanasimama yale maua ya lobelia, marefu kumpita mtu. Wakonzo wanasema Kitasamba, mungu wao wa mlima, anakaa juu kwenye theluji. Theluji hiyo inaisha, shoga. Mwaka 1906, yule mjukuu wa mfalme wa Italia, mtawala wa Abruzzi, alipopanda, barafu ilikuwa kwenye milima sita. Sasa vimebaki vipande.

Kitu kimoja kilinichekesha na kuniudhi pamoja. Majina ya milima ya huko: Mlima Stanley, Mlima Speke. Ni wale wale! Stanley aliyekuja hapa Ujiji 1871 kumtafuta Livingstone, Speke aliyefika hapa 1858 na Burton, kisha akamwacha mwenzake mgonjwa kwenu Kazeh, Tabora ya leo, akaelekea Ziwa Nyanza, hilo la Victoria. Watu wa kwenu Unyamwezi ndio waliobeba mizigo ya misafara hiyo, na hakuna kilele kinachoitwa kwa jina la mpagazi. Nilimwambia mpwa wa mama habari hiyo, akauliza walikuwa wanalipwa kiasi gani. Swali zuri. Nawe uliza hivyo hivyo kabla hujapanda: mpagazi wako analipwa kiasi gani, na nani, na lini. Bakshishi mpe mwenyewe mkononi.

Usalama nao usiupuuze. Mpaka wa Kongo uko karibu, na Juni 2023 waasi walishambulia shule kule Mpondwe, wakaua wanafunzi. Mimi nilipokwenda kulikuwa kimya, ila piga simu kwa mwenyeji wiki ya kuondoka, usitegemee nilichokuandikia mimi Machi.

Namba ya mama wa Kyanjuki nitakupa tukiongea, nataka kwanza nimwombe ruhusa. Nijibu mapema kama ni Juni, maana naye ana wageni wa mavuno. Mabuti yangu ni namba 39, wewe nadhani 40, soksi ikiwa moja yataingia. Nitayatuma kwa treni ya wiki ijayo pamoja na dagaa wa mama yako. Konda ni yule yule, mpe ahsante yake. Na debe la asali ya Sikonge uliloniahidi tangu Krismasi sijalisahau.

Wako,
Tatu