Kwa vijana mnaoanza ufundi wa mitandao ya kompyuta

Wanangu, salamu.

Nawasikia mkibishana kuhusu mtihani wa cheti wa kuanzia: Network+ wa shirika la CompTIA au CCNA ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao. Nitalifikia hilo. Kwanza nijibuni swali ambalo sisi tuliokula chumvi katika kazi hii tunawauliza vijana kwenye usaili: mtandao ukikatika, unaanza kuangalia wapi?

Kazi yenu ya kwanza haitakuwa kusanifu mtandao wa benki. Mtakaa dawati la msaada, mtavuta kebo, mtabandika lebo kwenye milango ya swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi), na mtaitwa ghorofa ya juu kwa sababu kompyuta ya mtu "haina intaneti". Mwenye kukariri atakimbilia kuzima ruta, kifaa kinachounganisha ofisi na mitandao ya nje, na kuwakatia ofisi nzima. Fundi anatazama kwanza taa ya mlango wa kebo. Inawaka? Anaangalia anwani ya IP, namba inayoitambulisha mashine mtandaoni. Akikuta inaanza na 169.254, anajua mashine imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu la seva ya DHCP, ile inayogawa anwani. Basi anakagua kama mlango wa swichi uko kwenye VLAN yake (kikundi cha milango kinachotengwa kama mtandao wake), au kama seva imeishiwa anwani. Anwani ikiwa sawa, anapiga ping (ujumbe mfupi wa kupima kama mashine inajibu) kwenye lango la mtandao, kisha anwani ya nje, kisha jina la tovuti. Anwani ya nje ikijibu lakini jina lisipatikane, anaelekea kwenye DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, na kuiacha kebo ilivyo. Yale matabaka 7 ya OSI, mfano unaoigawa kazi ya mtandao kuanzia kebo hadi programu, mnayoyaimba kutwa yana faida hapa, si kwenye karatasi tu.

Hesabu za kugawa anwani mnazikwepa, msinifiche. Mtandao wa /26 (biti 26 kati ya 32 za anwani ni za mtandao) una anwani 64. Toa ile ya mtandao wenyewe na ile ya kutangazia wote, zinabaki 62 za mashine. Zifanyeni kwa kalamu mpaka zizoeleke.

Vifaa si kisingizio. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, hutolewa bure na Cisco Networking Academy. Jengeni humo mtandao wenye swichi mbili na ruta moja, kisha mwambie mwenzako aharibu kitu kimoja bila kukuambia ni kipi. Zoezi hilo nalithamini kuliko video zote mnazotazama mkiwa mmelala. Wireshark, programu ya kunasa jumbe zinazopita mtandaoni, nayo ni bure: nasa jumbe nne za DHCP, uone mashine inavyoomba anwani hadi ikapewa.

Sasa mitihani. Network+ haijafungwa kwa mtengenezaji mmoja, na ni dakika 90. CCNA, namba 200-301, ni dakika 120 na inadai ujue kuamrisha vifaa vya Cisco. Vyeti vyote viwili hudumu miaka 3. Mwenye fedha ya mtihani mmoja tu, na aliye tayari kutoka jasho, ningemshauri CCNA. Maswali ya wizi yanayouzwa kichinichini achaneni nayo. Ni marufuku, na usaili wa dakika tano unawaumbua.

Python, lugha ya kuandikia programu, itakuja, msiwe na pupa.

Kabla ya kubadilisha chochote, nakilini mipangilio iliyopo. Na kwenye vifaa vya Cisco, msipoandika copy running-config startup-config, amri ya kuhifadhi mipangilio, umeme ukikatika kazi yote imepotea.

Mtakaokwama kwenye VLAN nileteeni mchoro wa mtandao wenu. Picha ya skrini peke yake hainitoshi.